Kiingereza cha mwana wa Amu kianzie kwenye -ka-

"Tulipofika Pate maji yalikuwa yamekupwa, tukashuka, tukavuka matope kwa miguu mpaka mjini." Mtoto yeyote wa Faza, Siyu au Kizingitini aliyezoea kuabiri mashua huitamka sentensi kama hii bila kuwaza. Ndani yake mna vitendo vinne, na kila kimoja kimepewa mahali pake katika wakati: kufika ndiko tunakosimamia, kukupwa kwa maji kulitangulia, kushuka kulifuata, na kuvuka matope kukaja nyuma ya kushuka. Kazi yote hiyo imefanywa na viungo vidogo vilivyo ndani ya vitenzi venyewe. Mtoto huyohuyo akitakiwa kuieleza safari hiyo kwa Kiingereza, mara nyingi hutoka na kitu kama "When we reached Pate the water is already gone, we come down and we walk", na kalamu nyekundu hupita juu ya kila kitenzi. Pembeni huandikwa kwamba mwanafunzi hajui wakati uliopita. Hukumu hiyo si ya haki, tena haimsaidii. Wakati uliopita anaujua vizuri sana. Asichokijua ni masharti ambayo Kiingereza huweka pale vitendo vinapokutana, na hajayajua kwa sababu hakuna aliyekaa naye akamwonyesha kwamba masharti hayo yanatofautiana na ya lugha anayoota nayo. Ninachodai ni hiki: katika shule za visiwa vya Lamu, namna Kiingereza kinavyounganisha vitendo vilivyopita ifundishwe kwa kulinganishwa waziwazi na Kiswahili, kwa Kiswahili, ndani ya somo lenyewe la Kiingereza.

Tuuangalie mtego wenyewe kwa karibu. Kiswahili husema "ilikuwa zamani" mara moja, kisha humwamini msikilizaji. Kitenzi cha kwanza kikishabeba -li-, vinavyofuata havina haja ya kuubeba tena mzigo huo. "Nahodha alitweka tanga, akashika usukani, akaelekea Manda": -ka- haitaji wakati wowote, inasema tu kwamba jambo hili lilifuata lile, na wakati wake unaazimwa kutoka kwa kitenzi kilichotangulia. Hali ni hiyohiyo kwa -ki-: "Tuliwaona wakishusha makuti" haina alama ya wakati uliopita katika kitenzi cha pili, wala hakuna anayechanganyikiwa. Kiingereza hakina imani hiyo. Kila kitenzi chenye mtendaji wake sharti kionyeshe chenyewe kwamba kilitokea zamani, kiwe ndani ya sentensi kuu au ndani ya kishazi tegemezi kinachoanza na "when", "while", "after" au "because". Vikiwa sita, vyote sita vitavaa alama. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "we reached" kisha akaendelea na "we come" na "we walk" amefanya kile ambacho lugha yake imemfundisha tangu alipoanza kuzungumza: ameutaja wakati mara moja, akauacha uendelee. Kosa lake lina mantiki kamili, na kosa lenye mantiki huondolewa kwa kuionyesha mantiki hiyo. Kumrudishia daftari lenye duara jekundu na kumwambia asome tena orodha ya vitenzi hakugusi palipo na tatizo.

Ndani ya mtego huohuo mna zawadi ambayo walimu wengi huiacha. Kitenzi cha Kiingereza kinachoishia kwa -ing, kikikaa peke yake kama katika "We saw them unloading the poles", nacho hakibebi wakati. Kinauazima kutoka kwa "saw", vilevile kama -ki- inavyouazima kutoka kwa -li-. Hapa lugha mbili hizi zinakutana karibu kabisa, na mtoto angeweza kuambiwa kwa dakika tano tu kwamba mahali hapa Kiingereza kinafanya kama nyumbani kwao. Akishalishika hilo, tofauti ya -ka- itamkaa zaidi, kwa kuwa ataona kwamba Kiingereza hakikosi kabisa kitenzi cha kuazima wakati. Kinacho, ila hakikitumii kwa vitendo vinavyofuatana.

Kauli ya kuripoti ni ngumu kuliko hayo yote, nami naiona ndiyo mahali ambapo watoto wa pwani huonewa zaidi. Kwa Kiswahili, mtu akituambia jambo tunalihifadhi katika wakati wake alioutumia. "Aliniambia anakwenda Kiwayu." Aliponiambia alikuwa anakwenda, basi -na- inabaki, ingawa safari yenyewe imeshapita zamani. Kiingereza huisukuma kauli hiyo nyuma ili ilingane na kitenzi cha kusema: "He told me he was going to Kiwayu." Mwanafunzi akiandika "He told me that he is going", yuko sahihi kwa kipimo cha lugha yake, na lugha nyingine nyingi duniani zina kipimo hicho. Kirusi, kwa mfano, hufanya kama Kiswahili. Kusogezwa nyuma kwa wakati ndani ya kauli ya kuripoti ni desturi ya Kiingereza na baadhi ya jirani zake. Si sheria ya akili ya binadamu. Mwalimu anayelifundisha kama jambo lililo dhahiri humfanya mtoto aamini kwamba akili yake ndiyo yenye kasoro. Kisha kuna "kabla". Sisi husema "Walifunga boti kabla upepo haujavuma", kwa kukanusha, kwa sababu tunajiweka kwenye saa ile ambayo upepo ulikuwa bado. Kiingereza hutaka "before the wind blew", bila kukanusha na kwa wakati uliopita. Anayejua hivyo ataelewa mara moja kwa nini mtoto ameandika "before the wind has not blown", sentensi ambayo kwa asiyejua Kiswahili huonekana kama upuuzi mtupu.

Visiwa hivi vina ushahidi wa miaka mingi kwamba mpangilio wetu wa vitendo si wa mdomoni tu. Habari za Pate, tarehe ya wafalme wa Kinabahani ambayo masimulizi yake huanza na kufika kwa Suleiman bin Suleiman mwaka 600 wa Hijra, zilihifadhiwa na wasimulizi kama Bwana Kitini. C. H. Stigand alizitoa kwa Kiingereza mwaka 1913 katika kitabu chake The Land of Zinj, na punde baadaye Alice Werner akachapisha matini ya Kiswahili pamoja na tafsiri. Habari za Lamu alizoziandika Shaibu Faraj bin Hamed al-Bakariy zilichapishwa na William Hichens mwaka 1938. Matini kama hizi ni nathari ya historia: wafalme wanatawala, wanakufa, wanarithiwa, wanapigana na Mombasa, wanafanya suluhu, wanavunja suluhu. Miaka mamia inasimuliwa, na -ka- ndiyo inayoibeba. Mfasiri anayezikabili kwa Kiingereza hukutana na swali lilelile waliloulizwa watafsiri wa Biblia ya Mfalme James mwaka 1611, maana Kiebrania cha kale nacho kina umbo lake la kitenzi cha kufuatanisha masimulizi. Wale wa 1611 waliamua kuanza sentensi baada ya sentensi kwa "And", na sauti hiyo ikabaki masikioni mwa Waingereza kwa karne nne. Mfasiri mwingine angechagua kuvigeuza baadhi ya vitendo kuwa vishazi tegemezi na kuviacha vingine juu. Uamuzi wa namna hiyo ni kazi ya fikra, na mtoto wa darasa la nne wa Matondoni anaifanya kila anapoandika insha ya Kiingereza, ingawa hakuna aliyemwambia kwamba anaifanya.

Jambo hili si la madaftari peke yake. Kifungu cha 198 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Kenya kinasema kuwa lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Shahidi wa Lamu hutoa ushahidi kwa Kiswahili, na kumbukumbu huandikwa kwa Kiingereza. Mtu akisema "Nilipofika alikuwa ameshatoka", anasema hakumwona. Ikiandikwa "When I arrived he left", amefanywa kuwa mtu aliyemwona mwenzake akiondoka mbele ya macho yake. Tofauti ya maneno hayo mawili ya Kiingereza, "left" na "had left", inaweza kumtia mtu hatiani au kumtoa. Kesi ya bandari ya Lamu ni mfano mkubwa zaidi wa uzito wa mpangilio wa wakati. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na hoja ya fidia ya aina hiyo yote inasimama juu ya kutangulia na kufuata: samaki walikuwa wakipatikana wapi kabla bahari haijachimbwa, na nini kikatokea ilipochimbwa. Mvuvi anayejua kulisema jambo hilo kwa lugha mbili bila kupoteza mpangilio wake hahitaji kumtegemea mtu mwingine amsemee.

Mfano wa namna ya kufundisha hatuna haja ya kuuagiza kutoka ng'ambo, kwa kuwa tunao mitaani mwetu. Katika vyuo vya Qur'ani na katika madarasa ya elimu ya dini, yakiwemo yale ya Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, Kiarabu kimefundishwa kwa Kiswahili kwa muda mrefu. Ajurrumiyya, kitabu kidogo cha nahau cha Ibn Ajurrum wa Morocco aliyefariki mwaka 1323, kimesomeshwa katika pwani hii kwa mwalimu kulisoma tamko, kulifasiri kwa Kiswahili, na kulieleza kwa Kiswahili. Ajabu ni kwamba somo la viungio vya Kiarabu linagusa jambo letu hilihili. Mwanafunzi huambiwa kwamba "fa" huunganisha vitendo kwa kufuatana bila kukawia, na "thumma" huviunganisha kwa kufuatana na kukawia. Hiyo ni elimu ya juu kuhusu mfuatano wa vitendo, na anapewa kijana ambaye asubuhi yake, shuleni, anahesabiwa kuwa hajui kuunganisha sentensi mbili. Sijapata kusikia mwanachuoni akilalamika kwamba Kiswahili kinaharibu Kiarabu cha wanafunzi wake. Kiswahili ndicho mlango wanaoingilia. Shuleni kwetu mlango huo umefungwa, na katika sehemu nyingi za Kenya watoto wamewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani.

Najua yatakayosemwa. La kwanza na la uzito zaidi linatoka kwa wataalamu. Robert Lado alipotoa kitabu chake cha ulinganishi wa lugha mwaka 1957, iliaminika kwamba ukizipambanisha lugha mbili unaweza kutabiri makosa yote ya mwanafunzi. Haikuwa hivyo. Pit Corder mwaka 1967 aliwafundisha watu kuyatazama makosa kama dalili ya mfumo ambao mwanafunzi anaujenga mwenyewe, na Dulay na Burt katika miaka ya 1970 wakaonyesha kwamba watoto wa lugha mbalimbali hupitia makosa yanayofanana wanapojifunza Kiingereza. Mtoto anayesema "goed" badala ya "went" hatumii Kiswahili. Hata watoto wa Kiingereza wenyewe husema hivyo. Nakubali yote haya. Lakini hoja hiyo inapunguza eneo la ulinganishi, haiufuti. Makosa ya umbo la kitenzi kimoja ni ya watu wote. Makosa ya kiungio, yaani ya pale kitendo kinapokutana na kitendo, yanachukua sura ya lugha iliyotangulia. Hakuna mtoto wa Kiingereza atakayesema "before the wind has not blown". Sentensi hiyo ina kwao, na kwao ni hapa.

Wengine watasema kwamba mwanafunzi aachwe azame katika Kiingereza mpaka akiwaze. Kuzama kunahitaji maji. Mtoto wa Nairobi anaweza kukisikia Kiingereza dukani, kanisani, kwenye matatu na nyumbani. Wa Ndau au Mkokoni anakisikia zaidi kutoka kwa mwalimu mmoja mbele ya ubao. Mtaala wenyewe unakubali kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, pendekezo lililokuwemo tayari katika ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, kisha gredi ya nne Kiingereza huchukua masomo karibu yote kwa siku moja. Mpito huo hauna daraja. Lugha ya siku ya mwisho ya gredi ya tatu huwekwa kando, na mtoto huanza upya kana kwamba hakuwahi kusimulia hadithi maishani mwake.

Kuna na hoja ya Kiamu, lahaja ya Lamu. Vitabu vimeandikwa kwa Kiswahili sanifu, kile kilichotokana na Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 na kusimamiwa na kamati iliyoanza kazi mwaka 1930, na huku watoto wanasema Kiamu, Kipate, Kisiyu na Kitikuu. Je, ulinganishi utaanzia wapi? Utaanzia palepale walipo, maana katika jambo hili lahaja hazigombani. Mwana wa Amu husema "alipokuya yana" pale kitabu kinaposema "alipokuja jana". Konsonanti imebadilika, -po- imesimama. Tena lahaja za kaskazini zina utajiri ambao sanifu imeuacha. Miisho ya kale ya vitenzi kama "mbwene", yaani nimeona, imejaa katika tenzi za Pate na Siyu, na Chimiini cha Barawa mpaka leo kina mwisho wa -ile kwa mambo yaliyopita. Mtoto anayezisikia tenzi hizo kwa bibi yake amezoea kubagua kati ya kilichotokea na kilichokwisha kutokea kwa njia zaidi ya moja, na "had" ya Kiingereza haitamshangaza akionyeshwa inakaa wapi.

Na mwalimu aliyetoka bara, asiyejua Kiamu? Huyo alisoma Kiswahili kwa lazima na kukifanyia mtihani, kama sote tuliopita kwenye 8-4-4 tangu mwaka 1985. -Ka- anaijua. Na akiwa anasema lugha yoyote ya Kibantu nyumbani, huenda ina kiungo chake cha masimulizi kinachofanana nayo. Anachokosa ni ruhusa, pamoja na kurasa chache za mwongozo zinazomwambia aanzie wapi.

Wazazi wana haki ya kuuliza jingine: gati la kwanza la bandari ya Manda Bay lilifunguliwa Mei 2021, ajira zinatangazwa kwa Kiingereza, na sisi tunataka kurudi nyuma kwenye Kiswahili? Wasiwasi huo ni wa kweli, na anayeupuuza hajakaa na mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo. Ila ninachokitetea hapa ni Kiingereza bora, na mapema. Kijana anayeomba kazi kwa barua ambayo nyakati zake zinaruka huku na huko ameshindwa na mambo matano au sita ya viungio, ambayo angeweza kuyamaliza katika muhula mmoja kama yangetajwa kwa majina yake.

Upo na upande wa pili wa hasara, ambao naona hausemwi vya kutosha. Lugha zisizolinganishwa darasani hulinganishwa kichwani bila msimamizi, na uharibifu huenda njia zote mbili. Tazama habari zetu za redio na magazeti: "Polisi walifika na walimkamata na walimpeleka kituoni." Hapo kila kitenzi kimevishwa alama yake kama Kiingereza kinavyotaka, na "na" imewekwa kushika nafasi ya "and". Msimuliaji wa Siyu angesema "Polisi walifika, wakamkamata, wakampeleka kituoni", na msikilizaji angejua kwamba kukamatwa kulifuata kufika. "Na" haisemi hivyo, inajumlisha tu. Sisemi kwamba -li- iliyorudiwa ni kosa kila mara, kwa kuwa kuna pahala inafaa, hasa vitendo visipofuatana. Ninasema kwamba mwandishi aliyefundishwa tofauti ya lugha hizi mbili angechagua, na huyu wa sasa hachagui.

Kwa hiyo ombi langu kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala na kwa maafisa wa elimu wa kaunti ni dogo na lina kipimo. Mwongozo wa mwalimu wa Kiingereza wa gredi ya nne uwe na sura moja iliyoandikwa kwa Kiswahili. Ianze na kisa kifupi cha mtoto mwenyewe, kilichosimuliwa kwa -li-, -ka-, -ki- na -po-. Mwalimu aandike ubaoni kila kiungo na kuuliza darasa: hiki kimetangulia, kimefuata, au kimekwenda pamoja? Wakishajibu, ndipo Kiingereza kiletwe, kitenzi kwa kitenzi, na watoto waone ni wapi alama ya wakati inarudiwa, ni wapi -ing inatosha, ni wapi "had" inahitajika, na kwa nini "before" haikanushi. Kisa hicho kiandikwe mara mbili katika daftari moja, kurasa mbili zikitazamana, na kalamu nyekundu isiguse ukurasa wa Kiingereza mpaka mwalimu awe ameusoma ule wa Kiswahili.